Mshipa Uliofungwa kwa Moto

Magreti alikuwa mpishi. Kila asubuhi aliwasha majiko yake kando ya barabara kuu pale Mikumi. Alipika wali, maharage, ndizi na supu ya utumbo wa mbuzi. Madereva wa malori yanayokwenda Zambia walimjua. Makondakta wa mabasi walimjua pia. Wengi walimwita Mama Oliver, kwa jina la binti yake wa kwanza aliyeolewa Morogoro.

Zamani hakuwa akiuza chakula. Yeye na mume wake, Stefano, waliishi Kimamba, kwenye shamba la mkonge. Stefano alikuwa fundi wa mashine ya kuchuna majani ya mkonge. Kisha shamba likabinafsishwa. Mwenye mali mpya alipunguza wafanyakazi, na Stefano akawa mmoja wa waliopunguzwa. Miaka ile mambo mengi yalikuwa yanabadilika. Mabasi ya watu binafsi yaliongezeka. Malori yaliongezeka. Simu za mkononi zilianza kulia hata vijijini. Stefano na Magreti wakaona kwamba penye magari mengi pana riziki, wakahamia Mikumi. Stefano akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli. Magreti akaanza kupika.

Biashara ilikwenda vizuri. Shida ilikuwa mguu.

Ulikuwa mguu wa kushoto. Tangu alipojifungua mtoto wa mwisho, mishipa ya mguu huo ilianza kujitokeza. Ilikuwa minene na imejipinda kama kamba iliyotupwa chini. Mwanzoni haikumsumbua. Aliona ni jambo la wanawake waliozaa. Lakini yeye alisimama jikoni kutwa nzima, na kila jioni mguu ulikuwa mzito kama umejazwa mchanga. Ulivimba. Ngozi ya juu ya kifundo cha mguu ikawa nyeusi na ngumu, na ikawa inamwasha sana. Siku moja kipande cha kuni kilimkwaruza hapohapo. Jeraha lilikuwa dogo, lakini halikupona. Likawa kidonda ndugu.

Magreti alihangaika. Alinunua vidonge vya rangi mbili kwenye duka la dawa, akavifungua na kunyunyiza unga wake kwenye kidonda. Aliweka mrututu, ile dawa ya bluu ya kuchoma vidonda, ukamchoma mpaka machozi yakamtoka. Alichomwa sindano nyingi bila kuambiwa ni za nini. Kidonda kilizidi kupanuka. Kilitoa maji, na kilianza kunuka. Alikifunika kwa kitenge kirefu ili wateja wasione.

Ndipo shangazi mmoja wa Stefano alipomwambia kwamba huo haukuwa ugonjwa wa hospitali. Alisema Magreti amekanyaga kitu alichotegewa njiani. Akampeleka kwa mganga. Mganga akamwambia kwamba adui yake ni mtu wa karibu, mwenye kazi kama yake.

Magreti hakuhitaji kufikiri sana. Jirani yake pale barabarani alikuwa Naomi. Naomi na mume wake walikuwa wametoka kanda ya ziwa na ng'ombe wao, wakahamia wilaya ya Kilosa kama familia nyingine nyingi za huko. Baadaye Naomi alifungua kibanda cha ugali na samaki. Wateja walimpenda. Kwa Magreti, hayo yalitosha kuwa ushahidi.

Tangu siku hiyo hakumsalimia Naomi tena. Alimwomba Stefano asimamishe mabati kati ya vibanda vyao. Stefano hakupenda, lakini aliyasimamisha. Naomi aliendelea kumsalimia kila asubuhi kutoka upande wa pili wa mabati. Hakujibiwa. Mwishowe naye akanyamaza.

Mambo yalibadilika siku moja ya joto kali, saa za mchana.

Basi lilikuwa limesimama na abiria walikuwa wengi. Magreti alikuwa amesimama tangu alfajiri. Alipoinama kuchukua sahani, alihisi kitu cha moto kikitiririka kwenye mguu. Alidhani amejimwagia supu. Alipoinua kitenge aliona damu. Mshipa mmoja uliokuwa pembeni ya kidonda ulikuwa umepasuka. Damu ilikuwa inaruka kama maji kwenye mpira uliotoboka.

Watu walirudi nyuma. Dereva mmoja wa lori alitaka kusaidia. Alimketisha Magreti kwenye kiti, akachukua kamba na kumfunga kwa nguvu juu ya goti. Damu ikazidi kutoka. Magreti aliona macho yakimwingia giza.

Mabati yalianguka kwa kishindo. Naomi alikuwa ameyasukuma. Nyuma yake alikuwepo Jenipher, nesi wa kituo cha afya, ambaye siku hiyo alikuwa anakula kwa Naomi.

"Mlazeni chini," Jenipher alisema. "Mguu juu. Na hiyo kamba fungueni."

Dereva alisema kwamba wakifungua kamba mama atakufa. Jenipher hakubishana naye. Alichukua kisu cha vitunguu, akaikata kamba mwenyewe. Naomi alivuta kreti la soda na kuweka mguu wa Magreti juu yake, ukawa juu kuliko kifua. Jenipher alivaa mifuko ya plastiki mikononi kwa sababu hakuwa na glovu. Alikunja khanga safi ya Naomi, akaibandika pale palipopasuka, na akakandamiza. Hakuiondoa kila mara kuchungulia. Alikandamiza tu, huku Naomi ameshika kichwa cha Magreti na kumsemesha asilale.

Baada ya muda mfupi damu ilipungua. Kisha ikakata. Watu waliokuwa wanalia walinyamaza, na dereva wa lori akakaa chini akishika kichwa.

Waliifunga ile khanga vizuri kwa kitambaa kirefu, wakampeleka Magreti kituo cha afya. Huko alitundikiwa dripu. Stefano alifika mbio, mikono yake ikiwa bado na grisi ya baiskeli. Alipomwona mke wake yuko hai, alimshika mkono.

Jenipher alisubiri mpaka wote wawili wametulia. Kisha akavuta kiti.

"Mama, shikamoo," alisema, kwa kuwa kwenye zile purukushani hawakusalimiana.

"Marahaba, mwanangu. Umeniokoa."

Jenipher aliwaeleza kwanza kuhusu kamba. Alisema moyo husukuma damu kwenda chini mguuni kupitia mishipa mingine, na mishipa kama ile iliyopasuka kazi yake ni kurudisha damu juu. Ukifunga kamba juu ya goti, damu inaendelea kushuka lakini haipati njia ya kurudi. Inajaa mguuni na kutokea palepale palipopasuka. Mshipa wa aina hiyo ukipasuka, mgonjwa alazwe, mguu uinuliwe juu, na mtu akandamize pale pale kwa kitambaa safi. Kisha apelekwe hospitali.

Stefano aliuliza kwa nini mishipa ya mke wake imekuwa vile.

"Baba, wewe ni fundi baiskeli," Jenipher alisema. "Vali ya tairi inafanya nini?"

"Inaruhusu upepo kuingia. Hairuhusu kutoka."

"Na ikichoka?"

"Upepo unarudi."

"Ndani ya mishipa ya mguu zimo vali ndogo. Unapotembea, nyama ya shavu la mguu inakamua damu kwenda juu kama pampu. Vali zinaizuia isirudi chini. Za mama zimechoka. Damu inapanda, kisha inaanguka tena. Inalala mguuni, inasukuma mshipa mpaka unatuna. Maji yanavuja kwenye nyama. Ngozi inaharibika, na kidonda kikitokea hakiponi."

Stefano alitikisa kichwa taratibu. Alikuwa amezibadilisha vali nyingi mno katika maisha yake, wala hakuwahi kufikiri kwamba mtu naye anazo.

Magreti aliutazama mguu wake. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama basi hakuna mtu aliyemfanyia hivyo.

"Hakuna, mama. Mimba huchangia. Kusimama kutwa huchangia. Unene huchangia. Wengine wamezaliwa kwenye ukoo wenye mishipa dhaifu. Hakuna mtu aliyekutegea kitu."

Magreti aligeuza uso ukutani. Alilia kwa muda mrefu, na Stefano alijua halii kwa ajili ya mguu.

Siku aliyorudi nyumbani, hakwenda kwanza kwake. Alimwomba Stefano ampitishe kibandani kwa Naomi. Alimweleza yote: mganga, mabati, na kwa nini alikuwa haitikii salamu. Hakujitetea. Naomi alisikiliza huku anakoroga ugali. Magreti alipomaliza, Naomi alisema kwamba kwa miezi yote hiyo yeye alidhani mwenzake anachukizwa na harufu ya samaki. Wakaangaliana, na Naomi akaanza kucheka kwanza. Yale mabati hayakusimamishwa tena. Stefano aliyatumia kuezekea choo.

Jenipher aliwaandikia waende hospitali ya wilaya, Kilosa. Huko walimkuta Daktari Danieli, mtu mrefu asiye na haraka. Hakukimbilia kidonda. Alianza kwa kugusa mapigo ya damu juu ya unyayo. Alipima sukari. Alimwangalia Magreti akiwa amesimama na akiwa amelala. Alieleza kwamba vidonda vya miguu si vya aina moja. Vingine hutokana na kisukari. Vingine hutokea kwa sababu damu haifiki vizuri mguuni, na mguu wa namna hiyo ukifungwa bendeji ya kubana unaweza kuoza. Ndiyo maana ni lazima mtu apimwe kabla ya kufungwa.

Damu ya Magreti ilikuwa inashuka vizuri. Tatizo lake lilikuwa kupanda. Kwa hiyo daktari aliagiza kidonda kisafishwe kwa maji safi yenye chumvi kidogo, kifunikwe kwa shashi, na mguu ufungwe bendeji ya kubana.

Jenipher ndiye aliyemfundisha Stefano kufunga. Bendeji ilianzia nyuma kidogo ya vidole, ikapita kisigino, ikapanda mpaka chini ya goti. Ilibana zaidi kwenye kifundo cha mguu na kulegea kidogo kidogo kuelekea juu. Vidole viliachwa wazi ili waone kama vinabadilika rangi au kufa ganzi. Stefano alikuwa na mikono ya ufundi. Baada ya wiki chache alifunga vizuri kuliko wengi pale kituoni.

Maisha ya jikoni nayo yalibadilika. Stefano alitengeneza stuli ndefu ili Magreti apike akiwa ameketi. Kila wateja walipopungua, Magreti alitembea mpaka kituo cha mafuta na kurudi, maana pampu ya mguu hufanya kazi mtu anapotembea. Nyumbani alilala miguu ikiwa juu ya mto. Mrututu ulitupwa.

Kidonda kilianza kukauka. Kikapungua, kikawa kama sarafu, kisha kikafunga. Magreti alifurahi sana. Ulikuwa msimu wa mavuno na wateja walikuwa wengi, naye akaona bendeji inamletea joto. Akaiacha. Stuli nayo akawaachia wateja waliokosa viti.

Kabla msimu haujaisha, kidonda kilifunguka tena palepale.

Magreti alirudi Kilosa ameinamisha kichwa. Alitegemea kugombezwa. Daktari Danieli hakumgombeza. Alimwambia kwamba bendeji inasaidia mshipa, lakini haitengenezi vali. Mshipa mbovu ukiwa bado wazi, damu itaendelea kuanguka. Zamani njia ilikuwa moja tu: kupasua mguu na kuung'oa mshipa wote. Sasa kuna njia nyingine. Hospitali moja Dar es Salaam ilikuwa imepokea madaktari wageni waliokuja kuwafundisha wenzao kuifunga mishipa kama hiyo kwa joto. Walikuwa wanatafuta wagonjwa wanaofaa.

"Wanaingiza mrija mwembamba ndani ya mshipa," alisema. "Ncha yake inapata moto. Mshipa unafungwa kwa ndani."

Stefano alisimama. Aliuliza mshipa ukifungwa damu itapita wapi.

"Swali zuri," Daktari Danieli alisema. "Barabara mbovu ikifungwa, magari yanafanya nini? Yanapita barabara nyingine iliyo nzima. Mguu una mishipa mingine, na ile mikubwa iko ndani zaidi, katikati ya nyama. Huko ndiko damu nyingi inakopita hata sasa. Huu mshipa wa juu haumsaidii mama tena. Unamrudishia damu chini tu."

Walirudi nyumbani wakiwa na karatasi ya rufaa na hofu. Magreti hakulala vizuri. Neno moto lilikuwa linamzunguka kichwani. Shangazi wa Stefano alisema wazi kwamba wazungu wanakwenda kuupika mguu wa mtu. Binti wa Magreti, Oliver, alipiga simu kutoka Morogoro na kusema mama asiende. Ni Naomi aliyemwambia jambo la kumsaidia. Alimwambia aende, asikilize, aulize maswali yote, na asiporidhika arudi nyumbani. Yeye Naomi angewasha majiko ya vibanda vyote viwili mpaka arudi, wateja wasipotee.

Basi Magreti na Stefano walipanda basi wakaenda Dar es Salaam.

Daktari bingwa aliyewapokea alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Yeye ndiye aliyekuwa anajifunza njia ile kwa wageni, na wageni walikaa pembeni wakimwangalia. Kwanza alimpima Magreti kwa mashine ya ultrasaundi. Alimpaka mafuta baridi mguuni, akapitisha kifaa juu ya ngozi, na kwenye kioo ikaonekana picha ya mishipa. Alimwonyesha mshipa wenyewe, ulivyopanda kutoka gotini mpaka kwenye kinena. Alipoukamua mguu, damu ilipanda. Alipouachia, damu ilirudi chini. Magreti aliiona kwa macho yake. Daktari alichunguza pia mishipa ya ndani kama haina damu iliyoganda, maana mtu mwenye damu iliyoganda huko ndani huenda asifae kwa tiba hii. Mishipa ya ndani ya Magreti ilikuwa mizima.

Kisha daktari alimwambia aulize lolote.

"Huo moto," Magreti alisema. "Hautaunguza nyama?"

Daktari alimweleza kwamba kabla ya kuwasha joto, wangezungushia mshipa maji baridi yenye dawa ya ganzi. Maji hayo yanautenga mshipa na nyama na ngozi. Joto linabaki kwenye ukuta wa mshipa. Ukuta ukipata moto, unasinyaa na kujifunga.

Magreti alifikiri. Kisha uso wake ukabadilika.

"Kama utumbo wa mbuzi," alisema. "Ukiutia kwenye mafuta ya moto unajikunja, tundu lake linaziba."

Daktari alimtazama, kisha akawatafsiria wageni. Wote walicheka, na mmoja wao akaandika maneno hayo. Daktari alisema kwamba tangu aanze kueleza tiba ile, hakuna mtu aliyeieleza vizuri zaidi.

Hofu ya Magreti ilipungua hapo. Moto aliujua. Alikuwa amefanya nao kazi miaka mingi.

Siku ya tiba alilazwa kitandani akiwa macho. Mguu ulisafishwa kwa dawa. Alihisi sindano moja karibu na goti. Kupitia hapo daktari aliingiza mrija, mwembamba kama waya wa breki ya baiskeli, akausukuma polepole akiangalia kwenye kioo cha ultrasaundi mpaka ncha ikakaribia kinena. Zikafuata sindano nyingine ndogo za yale maji ya ganzi. Hizo ziliuma kidogo. Mguu ukawa baridi na mzito. Kisha mashine ililia, na daktari akaanza kuuvuta mrija kurudi nyuma, kipande kwa kipande. Kila alipopita, mshipa ulijifunga nyuma yake. Magreti alisikia joto la mbali, kama mtu aliyekaa hatua kadhaa kutoka kwenye jiko. Alisubiri maumivu makubwa. Hayakuja.

"Tumemaliza, mama," daktari alisema. "Hebu angalia."

Kwenye kioo, pale palipokuwa na mshipa mpana wenye damu inayoanguka, sasa palikuwa na mstari mwembamba. Daktari aliukamua mguu na kuuachia. Hakuna kilichorudi chini.

Walimvisha soksi ndefu ya kubana. Kisha daktari akamwambia asimame atembee. Stefano alikuwa nje ya mlango. Alikuwa amejiandaa kumwona mke wake akitolewa kwenye kitanda cha magurudumu. Mlango ulipofunguliwa, Magreti alitoka anatembea. Alimpita mume wake, akaenda mpaka mwisho wa ukumbi, akageuka, akarudi. Stefano alibaki ameegemea ukuta, analia bila kujificha.

Hawakupanda basi mara moja. Daktari aliwataka wabaki mjini kidogo, Magreti atembee kila siku, na apimwe tena. Aliwaambia dalili za hatari: shavu la mguu likivimba na kuuma sana, au kifua kikibana na pumzi kukata, akimbilie hospitali bila kusubiri. Hakuna lililotokea. Palikuwa na michubuko kwenye paja na hali ya kuvuta kama uzi kwa siku chache, kisha vikaisha.

Huko Mikumi, bendeji na soksi ziliendelea. Safari hii Magreti hakuziacha. Kidonda kilifunga, na kikabaki kimefungwa. Uvimbe ulishuka. Msimu wa mavuno uliofuata ulipita naye akiwa jikoni, mguu mwepesi, stuli yake ikiwa mahali pake. Madereva walimuuliza amekula nini mpaka amerudi kuwa kijana. Yeye na Naomi waliunganisha vibanda vikawa kimoja kikubwa, chenye wali, ugali, utumbo na samaki, na malori yakawa yanapanga foleni.

Siku moja alipokwenda Kilosa kupimwa, Daktari Danieli aliuliza kama kwao kuna mwingine mwenye mishipa ya namna ile.

Magreti alianza kusema hapana. Kisha akamkumbuka dada yake mkubwa, Costancia, aliyebaki kwao Vidunda, juu mlimani. Kwa miaka mingi Costancia alikuwa hashuki. Hakwenda hata kanisani. Watu walisema amekuwa mtu wa ndani. Magreti naye hakuweza kupanda kumwona kwa sababu ya mguu wake. Ghafla akaelewa ni kitu gani dada yake alikuwa anakificha.

Hakungoja. Alipanda gari la Ifakara yeye na Stefano, wakashuka Kidodi, wakaanza mlima. Njia ilikuwa kali. Mashamba ya mahindi na maharage yalining'inia pande zote, na ukungu ulikuwa unatoka mabondeni. Magreti alikuwa amevaa soksi yake chini ya kitenge. Alipumzika mara kadhaa, lakini kwa sababu ya pumzi. Mguu haukumdai kitu. Stefano ndiye aliyebaki nyuma.

Alimkuta Costancia ameketi mlangoni, mguu umefungwa matambara na majani. Harufu aliijua kabla hajafika karibu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Costancia alimkodolea macho. "Magreti? Nani kakuleta huku juu?"

"Miguu yangu."

Costancia aliinama kutazama, kama mtu asiyeamini. Magreti alivuta kitenge, akateremsha soksi, akamwonyesha. Ngozi ilikuwa na baka jeusi, lakini ilikuwa nzima. Alimsimulia yote kwa lugha yao ya nyumbani, vali, bendeji, mrija na moto. Costancia aliuliza swali moja tu: nani aliyekuwa amemroga. Magreti akamwambia hakurogwa na mtu, na kwamba kuamini hivyo nusura kumpotezee rafiki bora aliyenaye.

Kesho yake vijana wanne wa kijiji walimshusha Costancia kwa machela. Walipumzika kila kona na kulalamika kwa utani kwamba mama ni mzito. Costancia alijifunika uso kwa khanga njia nzima.

Mguu wake ulipimwa Kilosa, kisha Dar es Salaam. Daktari aliona kwamba mishipa yake ya ndani iliwahi kuziba kwa damu iliyoganda, pengine baada ya uzazi wake mmoja mgumu. Kwa hiyo hakufaa kufungwa mshipa kwa moto. Magreti alisikitika, lakini daktari alimwambia asisikitike. Kila mguu hutibiwa kwa kadiri ya ugonjwa wake. Costancia alipewa dawa, akafungwa bendeji, naye akakaa Mikumi nyumbani kwa mdogo wake. Stefano alimfunga mguu kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda cha baiskeli. Naomi alimpikia samaki. Jenipher alimpigisha matembezi mpaka kituo cha mafuta na kurudi, naye Costancia akilalamika huku akitembea. Kidonda kilichokuwa na umri wa miaka mingi kilichelewa, lakini kilifunga.

Ilipofika siku ya kurudi kwake, Magreti alimsindikiza mpaka Kidodi. Habari zilikuwa zimetangulia. Wale vijana wanne walikuwa wanasubiri chini ya mlima, machela wameiegemeza kwenye jiwe. Walimwamkia, wakaitandaza, wakamkaribisha apande.

Costancia aliwashukuru. Alichukua begi lake, akaliweka juu ya machela, akalifunika vizuri kwa khanga. Kisha akakaza bendeji yake, akawapita, akaanza kupanda mlima.